Stenosisi ya Kichochoro Chetu

Usiliogope neno hili. Wanafunzi wangu wote walianza kwa kuliogopa, na karibu wote walikuwa wamelizoea kabla kengele haijalia. Stenosisi ni hali ya njia ya mwilini kuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa: mshipa wa damu, njia ya chakula, njia ya mkojo, au mlango wa moyo. Njia haijaziba, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kusema hajambo kwa muda mrefu. Kinachopita kinapita, ila kwa taabu, na kilicho nyuma ya ule wembamba ndicho kinachochoka kwa kusukuma.

Nililipata kwa daktari mmoja wa Moshi aliyekuwa akimtibu baba yangu. Wakati huo nilikuwa nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari upande wa Elerai, na daktari alifurahi kupata mtu wa kumweleza mambo bila kuzungukazunguka. Alichora moyo kwenye kifuniko cha boksi la glavu, akachora mlango mmoja wa moyo huo, kisha akautia wino pande zote mbili mpaka ukabaki ufa tu.

"Damu ya mzee inapita hapa," alisema. "Asibebe mizigo. Asipande milima. Na siku akizidiwa, msimtembeze hata kidogo. Gari lije mpaka mlangoni."

Gari lije mpaka mlangoni. Nilirudi Arusha na maneno hayo kichwani, nikiwa najua tayari kwamba mlangoni kwetu gari lilikuwa halifiki tena.

Nyumba yetu ya Kaloleni ilikuwa ya nyuma. Mbele yake, ukingoni mwa barabara, palikuwa na nyumba nyingine, na kati ya nyumba hiyo na ukuta wa gereji kulikuwa na kichochoro kilichokunja kona moja kabla ya kufika kwetu. Baba alipojenga, pikapu ya kanisa iliweza kuingia kwa kurudi nyuma, ikashusha mifuko ya saruji kwenye kizingiti. Nakumbuka dereva akitoa kichwa dirishani na baba akimwelekeza kwa mikono miwili, kama anayeongoza kwaya.

Mwenye nyumba ya mbele alikuwa mtu wa mlima wetu wa Kilimanjaro, msharika wa kanisa letu. Alikuwa amefanya kazi katika duka la ushirika mpaka duka lile lilipobaki na rafu tupu na likafungwa. Kisha ikaja ruksa, serikali ikaachia watu wafanye biashara. Sabuni zikarudi, mafuta ya kupikia yakarudi, nguo za mitumba zikatandazwa kila kona, na yeye akatoboa ukuta wa sebule yake, akatia dirisha la kuuzia. Watu wakamwita Mangi, kama wenye maduka wa kwetu wanavyoitwa mji mzima, ingawa huko mlimani mangi alikuwa mtawala. Alilipenda jina hilo. Ukimwita Mangi alikuongezea kipande cha sabuni.

Nisimsingizie kwamba alikula njia yetu kwa siku moja. Stenosisi haiji hivyo; hujijenga kidogo kidogo ukutani, na kila siku inafanana na jana. Kwanza alitoa bati la kivuli upande wa kichochoro. Chini ya bati akapanga kreti za soda. Kreti zilipoibiwa akazizungushia mbao. Mbao zilipooza akaweka tofali, kwa kuwa nani angemlaumu mtu kwa kubadilisha kilichooza? Na tofali zilipofika kwenye kona, akamwaga sakafu ya saruji ndani na kuweka friji la soda, kubwa kama kitanda, palepale ambapo zamani gurudumu la pikapu lilikuwa likikata kona.

Baba alikwenda kumwona. Nilikuwa nyuma yake na kikapu cha ndizi.

"Mangi, hii njia bwana."

"Mzee wangu, shikamoo! Njia ina nini? Si mnapita?"

"Tunapita. Gari ndilo halipiti."

"Kwani mzee una gari?"

Waliokuwa wakinunua walicheka, na waliokaa kwenye benchi wakacheka zaidi. Baba naye alicheka, maana alikuwa mtu wa adabu na hakupenda kumwacha mtu acheke peke yake.

"Sasa hivi ni ruksa, mzee," Mangi alisema. "Kila mtu anajitanua. Nawe jitanue upande wa kwako."

Tukarudi nyumbani. Pale kwenye kona baba alisimama, akaegemea zile tofali, akavuta pumzi kwa mdomo. Nilitazama mkono wake juu ya ukuta ule nikaamua kwamba kicheko kile nitakitunza. Watu husema visasi huja kwa hasira. Changu kilikuja kwa utulivu, kama somo unaloliandaa vizuri.

Bwana ardhi aliitwa. Alikuja na tepu ya kupimia mfukoni, akapewa soda baridi, akaisifu, akaondoka. Tepu haikutoka mfukoni.

Asubuhi baba alipozidiwa, mvua ilikuwa inanyesha na teksi ilisimama barabarani. Tulimweka kwenye kiti cha jikoni, wanaume wa jirani wakakibeba. Kichochoro kilikuwa matope. Kwenye kona kiti hakikukunja, wakarudi, wakajaribu tena, na baba akashika ukingo wa ukuta kwa vidole kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia. Mangi alitoa kichwa dirishani.

"Poleni jamani. Inamisheni kidogo tu, kitapita."

Wakamwinamisha. Baba alifika hospitali, akalazwa, na hakutoka. Nilimuuliza daktari kama dakika zile kwenye kona zilikuwa na maana. Alinijibu kwa uaminifu kwamba mlango ule wa moyo ulikuwa umechoka kwa vyovyote vile. Kwa hiyo sijawahi kusema kwamba Mangi alimuua baba yangu. Mwalimu hasemi asichoweza kukithibitisha. Niliamua kusema nilichoweza kukithibitisha, na kukisema kila mahali.

Kwetu marehemu huingia nyumbani kwake mara ya mwisho. Hata kama atazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo mlimani, na sisi wote huwa tunazikwa huko, akifia mjini lazima avuke kizingiti alichokijenga, alale kidogo sebuleni, ndipo aanze safari ya kupita Usa River kwenda kwao. Siku ya kumuaga baba, jeneza lilifika kwenye kona ya kichochoro likakataa. Wabebaji walilirudisha, wakaliinua upande, wakalishusha. Mmoja akapendekeza lisimamishwe.

Mama yangu, aliyekuwa amekaa ndani akimngoja mumewe, alitoka na kanga kichwani.

"Hamtamsimamisha mume wangu kama kabati," alisema.

Basi baba aliagwa barabarani, jeneza likiwa juu ya viti mbele ya duka, chini ya tangazo la sabuni. Magari yalipita yakipiga honi. Mama aliletwa barabarani kwa mkono, akakalishwa kwenye benchi la wanywa soda. Akanivuta sikio karibu, akasema kwa Kichaga, bila kulia:

"Na mimi mtanitolea dirishani?"

Mkononi nilikuwa nimeshika karatasi ya historia ya marehemu. Ambaye hajawahi kuhudhuria msiba wa kwetu nimweleze: kabla ya mwili kuondoka husomwa historia fupi, alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa lini, aliumwa nini. Watu husimama kimya kuliko wanavyosimama kwa mahubiri. Mtaani kwetu historia nyingi niliziandika mimi, kwa sababu ya mwandiko. Ya baba nilikuwa nimeiandika usiku uliopita. Niliomba kalamu, nikaiwekea mwisho mpya juu ya goti langu.

Nikasoma alivyozaliwa, alivyobatizwa, alivyojenga. Kisha nikasoma: "Marehemu alisumbuliwa na stenosisi. Stenosisi ni njia kuwa nyembamba kwa sababu ya kitu kilichoota ukutani kidogo kidogo." Nikainua macho. Mangi alikuwa mstari wa mbele, suti nyeusi, uso wa huruma, akitikisa kichwa kama watu wanavyofanya wakisikia jina la ugonjwa wa kitaalamu. Nikaendelea, taratibu, kama ninavyowasomea kidato cha kwanza. "Stenosisi ilianza kwenye moyo wa marehemu. Baadaye ilionekana pia kwenye kichochoro cha nyumba yake. Kwa sababu ya stenosisi ya kichochoro, marehemu leo hakuweza kuingia nyumbani kwake, na familia inawaomba radhi wote mliosimama juani."

Nyuso ziligeuka moja moja kuelekea kwenye zile tofali. Mangi aliacha kutikisa kichwa.

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwema zaidi angeishia hapo. Lakini mama yangu alikuwa ameniuliza swali, na njia ilikuwa bado ile ile.

Balozi wetu wa nyumba kumi hakupenda kuandika, kwa hiyo matangazo yake niliyaandika mimi kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa karibu na bomba. "Usafi wa mtaa ni Jumamosi. Tuanzie mfereji wa barabarani hadi penye stenosisi." Niliandika muhtasari wa mkutano wa mtaa: "Mjumbe aliuliza lini stenosisi itatibiwa." Binti wa jirani alipoolewa, waliniomba nichore ramani nyuma ya kadi za sendoff. Nikachora barabara, duka, kichochoro, na pale kwenye kona nikaandika kwa herufi nzuri za kulala: "Stenosisi. Wenye sahani kubwa wapite kiubavu." Kwenye sala za jumuiya, nilipopewa zamu ya kuandika mahitaji ya kuombewa, niliandika wagonjwa, wasafiri, mvua, na stenosisi ya mtaa wetu. Waliiombea.

Waliouliza niliwaeleza. Bombani nilichukua bua la mpapai, nikapulizia maji yapite. Kisha nikabandika udongo mfinyanzi ndani yake, kidogo tu, nikamwambia mama mmoja apulize.

"Yanagoma!"

"Hayajagoma. Ongeza nguvu."

"Mashavu yanauma, mwalimu."

"Hayo mashavu ndiyo moyo," nilimwambia. "Umeelewa vizuri sana. Mweleze na mwenzako."

Sikuwahi kutaja jina la mtu. Nilipoulizwa nani kaubandika udongo nilisema, "Hilo si la baiolojia," na wao walicheka wakielekea dukani kununua chumvi.

Neno likaanza kutembea lenyewe. Vijana wakaambiana, "Tukutane Stenosisi." Mama wa vitumbua akahamishia meza yake "hapo Stenosisi". Kisha, kama nilivyokuwa nimeombea kwa siri, likatoka kwenye kona likampanda mwenye kona. Siku moja nilikuwa dirishani kwake nikinunua kitunguu, lori la soda likasimama, na dereva mgeni akapaza sauti kwa watu wa benchi:

"Oya, samahani! Kwa Stenosisi ni hapa?"

"Ndiyo hapa," wakajibu kwa pamoja.

Mangi alikuwa ameshika kitunguu changu. Alikishika kwa muda. Nikamwambia aniongezee kingine, ili nikae pale kidogo zaidi.

"Mwalimu," alisema lori lilipoondoka, "unaniharibia jina."

"Nimeliandika wapi jina lako? Nionyeshe, nitafuta sasa hivi."

"Hujaandika. Lakini watu wanajua."

"Basi wameelewa somo."

"Zamani walikuwa wananiita Mangi."

"Na zamani baba yangu alikuwa na njia," nilisema, nikachukua vitunguu vyangu.

Jumapili moja baada ya ibada alikuja nyumbani na balozi na mzee mmoja wa kanisa, na mkononi ameshika isale. Nilipoliona nilijua ametafuta mahali pasipo na mlango wa kutokea. Isale ni mmea wa kwetu, wa majani marefu. Aliyekosa akikuletea isale kuomba msamaha, humkatai. Hata kama amemwaga damu, humkatai. Ukilipokea, kosa halisemwi tena. Nilikuwa na mipango mingi. Nilikuwa sijaandika hata nusu ya niliyoyakusudia.

"Mama, shikamoo," alimwambia mama yangu, akalinyoosha kwa mikono miwili. "Nimekosa mbele ya mzee. Naomba yaishe. Na yale maandishi nayo yaishe."

"Marahaba," mama alisema. Akalipokea. Akaligeuza, akalitazama kuanzia juu hadi chini. "Umelitoa wapi?"

"Kwenye ua wa nyumba moja hapo juu, mama."

Sasa uone kosa lake. Isale la kuombea msamaha ni jani, na jani lile hufungwa fundo. Mtu aliyekaa mlimani analijua hilo kama anavyojua kushika kijiko. Huyu alikuwa amekaa mjini akihesabu kreti, mila ameibakiza nusu, akakata shina zima, na jicho la kuchipukia likiwa bado bichi. Isale la namna hiyo ukilichomeka ardhini linaota. Na linalopandwa lina kazi nyingine kabisa kwetu.

"Tumekusamehe," mama alisema. Mzee wa kanisa alianza kuinuka afunge kwa sala. "Kaa kwanza, mzee. Huyu kijana wetu hakuniletea la kufunga fundo, ameniletea la kupanda. Ni heshima kubwa. Isale hupandwa wapi?"

Mzee wa kanisa alikuwa wa kwetu pia. Alikitazama kiatu chake.

"Mpakani, mama," alisema.

"Na mpaka wetu uko wapi?"

Wote waliokuwa mle ndani waliujua. Palikuwa na jiwe la kona, baba alilizika mwenyewe, na jirani wa mbele, Mangi mwenyewe, alikuwepo akishuhudia. Sasa lilikuwa chini ya saruji, chini ya friji la soda.

"Mama," Mangi alisema, "pale si pana sakafu?"

"Sina haraka," mama alijibu. "Litangoja."

Alilitia kwenye kopo la maziwa lenye maji, na kila asubuhi akalitoa nje, akaliweka kwenye kona, nje ya ukuta wa tofali. Wateja walilizunguka wakipita. Watu wa mlima waliolijua waliuliza, na mama aliwajibu kwa upole wake wote: "Ni isale la Mangi. Ametuletea mpaka, tunangoja mahali pa kulipanda." Mama ndiye aliyebaki kumwita Mangi. Hakuhitaji neno la kitabibu. Mtu wa kwetu anaweza kuvumilia jina la utani maisha yake yote, lakini isale lake kukaa kwenye kopo barabarani, likiota mizizi mbele ya watu, hilo halivumiliki. Wazee waliokuwa wakinunua kwake sukari walianza kuinunua kwingine, bila kusema kwa nini.

Mizizi ilikuwa imejaa kopo alipoleta mafundi. Nilitoa kiti cha jikoni, kile kile, nikakiweka kichochoroni nikakaa kutazama. Friji lilikokotwa likipiga kelele. Nyundo zikaanza, tofali zikaanguka. Saruji ilipofunguka mama alipiga magoti, akapapasa udongo mpaka akalipata jiwe la baba, akalipanda isale kando yake na kulishindilia kwa ngumi. Mangi alisimama na vumbi usoni. Alinitazama akitaraji, nadhani, kwamba ningesema kitu.

"Njia imepona vizuri," nilimwambia. "Hongera."

Mama alimsamehe kweli. Alimpelekea ndizi, alimwombea mtoto wake alipougua. Isale tulilipokea nyumba nzima, na aliyelipokea halisemi kosa tena, nami sijalisema. Nimekuwa nikieleza neno la kitabibu tu. Hakuna mila inayomkataza mwalimu kufundisha. Mangi alichora ubao mpya juu ya dirisha wenye jina lake na la baba yake, kwa rangi nyekundu, na watoto wakapita chini yake wakitumwa "mafuta kwa Stenosisi". Ubaoni karibu na bomba niliendelea kuandika: "Mkutano utafanyika palipokuwa na stenosisi."

Mama alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, akiwa mzee. Pikapu iliyomleta kutoka mochwari iliingia kichochoroni kwa kurudi nyuma. Nilisimama nyuma ya gari nikaielekeza kwa mikono miwili. Isale lilikuwa limepita urefu wa paa, majani yake yakalipangusa jeneza, na kwenye kona hakuna aliyesema inamisheni. Mama aliingia nyumbani kwake akiwa amelala sawasawa, akakaa sebuleni kadiri alivyotaka.

Kabla ya historia kusomwa, mwenye duka alinifuata. Alikuwa ameshika kofia mkononi, mvi kichwa kizima.

"Mwalimu, pole. Naomba kitu kimoja. Leo neno lile lisisomwe. Nina wajukuu hapa."

"Limeshaandikwa," nilimwambia. "Lakini usijali, leo ni la kusifu."

Nikasoma alivyozaliwa mama, alivyobatizwa, alivyolea. Kisha nikasoma: "Marehemu aliondoka kwa uzee. Hakuwa na stenosisi yoyote, moyoni wala njiani." Nikaona nyuma kabisa vijana wakiangaliana, wakiwemo wajukuu wa mwenye duka, wasijue neno hilo lilitoka wapi. Nikaikunja karatasi, nikavua miwani, nikawaeleza taratibu, tangu mwanzo.